MAONI: Ukisusia kura, unawashushia bei wanaonunua uchaguzi

Nenda maskani yoyote ya kisiwa cha Mombasa, iwe Kibokoni, Bondeni, Majengo au Sparki, uulize swali moja tu: 2027 utapiga kura? Majibu unayajua kabla hujaketi.

“Kwani kura itanilipia kodi ya nyumba?”

“Wote ni wale wale, wanabadilisha fulana tu.”

“Siku hiyo mimi niko kazini, bro. Nisipotoka sili.”

“Nilipiga 2017. Nikapata nini?”

Tumezoea kuwajibu vijana hawa kwa mahubiri. Tunawaambia kura ni haki yao, kura ni sauti yao, mashujaa walimwaga damu. Yote ni kweli, lakini hakuna hata moja linalojibu walichouliza. Wao wameuliza swali la mfukoni, nasi tunawapa jibu la somo la uraia darasa la sita. Leo naomba tuongee lugha ya mfukoni, mimi na wewe, tupige hesabu tuone nani anafaidika ukibaki kitandani tarehe 10 Agosti 2027.

Tuanze na yaliyotokea. Mwaka 2013, karibu asilimia 86 ya Wakenya waliosajiliwa walipiga kura. Mwaka 2017 wakashuka hadi karibu asilimia 79. Tarehe 9 Agosti 2022 wakafika karibu asilimia 65 pekee. Nchi nzima inachoka, hilo liko wazi. Lakini Mombasa tulichoka kuliko wote: kaunti yetu ilikuwa mkiani kati ya kaunti 47, karibu asilimia 44. Yaani katika kila watu kumi wenye majina kwenye daftari, zaidi ya watano hawakuonekana kituoni.

Kisha kura ya ugavana ikaahirishwa kwa sababu karatasi za kupigia kura zilikuwa na kasoro, na tukarudi kituoni Agosti 29. Siku hiyo ndiyo ilionyesha hali yetu halisi. Abdulswamad Nassir alishinda kwa kura 119,083 dhidi ya 98,105 za Hassan Omar. Jumla ya kura za hao wawili ni 217,188, katika kaunti yenye wapiga kura 641,913. Hata ukiongeza kura za wagombea wengine, waliokaa nyumbani walikuwa karibu laki nne. Tofauti kati ya mshindi na aliyemfuata haikufika 21,000.

Sasa jiulize: nani hasa aliamua gavana wa Mombasa? Mimi nasema waliokaa nyumbani waliamua. Tatizo ni kwamba waliamua bila kusema wanataka nini.

Nisikilize vizuri hapa, maana sitaki kukutukana. Siamini kwamba vijana wa Mombasa ni wavivu. Ukiangalia kwa makini, kupiga kura Kenya si jambo la bure. Kuna gharama, na gharama hiyo inamwangukia zaidi mtu ambaye mfuko wake umetoboka.

Siku ya uchaguzi ni sikukuu. Kwa mwenye mshahara wa mwezi, sikukuu ni mapumziko yanayolipwa. Kwa mtu wa tuktuk, kwa anayebeba mizigo Marikiti, kwa dada anayekaanga viazi karai kando ya barabara, sikukuu ni siku isiyo na kipato. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, lakini ukifika foleni ni ndefu na jua la Agosti halina huruma. Ukipoteza nusu siku, umepoteza chakula cha jioni.

Ongeza nauli. Kijana amezaliwa Mji wa Kale, kodi zikamshinda, akahamia Mishomoroni au akavuka feri kwenda Likoni. Jina lake bado liko Mvita. Siku ya kura atalipa nauli ya kuja na kurudi, na siku ambayo watu wote wako njiani nauli huwa na tabia ya kupanda. Angeweza kuhamisha usajili wake mapema, lakini hilo nalo linataka muda, na muda ni pesa.

Kabla ya yote hayo kuna kitambulisho. Familia nyingi za Waswahili na Waarabu wa Mji wa Kale zinajua habari ya kuambiwa ulete cheti cha babu, urudi kesho, uje mbele ya kamati ya kukuchunguza, eti kuthibitisha kwamba wewe ni Mkenya. Mtu aliyezaliwa mita mia tatu kutoka Fort Jesus anaulizwa katoka wapi! Akishinda mtihani huo ndipo aanze kufikiria kadi ya kura.

Kwa hiyo ukiniambia “sina wakati wa kura,” nakuelewa. Unachoniambia ni kwamba bei ya kura ni kubwa kuliko unachotarajia kupata. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu.

Basi shida iko wapi? Shida ni kwamba hesabu hiyo umeifanya nusu.

Watu wengi huamini kwamba hali ngumu yenyewe ndiyo inayomfukuza mtu kituoni. Kuna ushahidi wa hilo. Mapema miaka ya 1930, watafiti walikaa katika kijiji cha Marienthal huko Austria, ambapo kiwanda cha nguo kilichotegemewa na karibu kila familia kilikuwa kimefungwa. Ungedhani watu wasio na kazi, wenye saa nyingi za bure, wangesoma zaidi na kuandamana zaidi. Ikawa kinyume. Idadi ya vitabu vilivyoazimwa maktabani ilishuka kwa karibu nusu, shughuli za vyama vya siasa zikafifia, na hata mwendo wa wanaume barabarani ukawa wa polepole. Ukosefu wa kazi haukuwafanya wawe na hasira, uliwafanya wakate tamaa. Nadhani kuna maskani unazozijua ambako maelezo haya yangefaa bila kubadilisha neno.

Lakini njaa peke yake haimalizi hadithi. Nchini India, kwa miaka mingi watu maskini wamekuwa wakijitokeza kupiga kura sawa na matajiri, na mara nyingine kuwazidi. Na huku kwetu mwaka 2022, kaunti ya Bomet ilifikisha karibu asilimia 80. Huwezi kuniambia Bomet hakuna njaa, au kwamba unga wa huko ni wa bure. Tofauti ni kwamba wapiga kura wa huko waliona kuna kitu kimewekwa mezani chenye jina lao. Sisi wa Mombasa hatukuona jina letu.

Kwa maneno mengine, umaskini hukuweka nyumbani pale tu unapoungana na imani kwamba hakuna kitakachobadilika. Imani hiyo ndiyo nataka tuichunguze.

Unakumbuka unga wa mia? Julai 2022, wiki chache tu kabla ya uchaguzi, pakiti ya kilo mbili ilikuwa imepita Sh200. Ghafla serikali ikatangaza ruzuku na bei ikaamriwa kushuka hadi Sh100. Uchaguzi ukapita. Ruzuku ikaisha. Katikati ya Septemba, siku moja tu baada ya rais mpya kuapishwa, bei ya petroli Nairobi ikaruka kutoka karibu Sh159 hadi karibu Sh179 kwa lita, kwa sababu ruzuku yake nayo iliondolewa.

Mtu aliyekata tamaa ataniambia: “Si unaona? Wanatuchezea.” Kweli, walituchezea. Lakini kuna somo jingine hapo. Kwa nini bei ilishushwa Julai na si Januari? Ni kwa sababu Julai walikuwa wanatuogopa. Serikali ile ile, hazina ile ile, lakini mwezi wenye uchaguzi ukapata pesa ambazo miezi mingine haikupata. Kama kura haina nguvu, mbona wanahangaika kiasi hicho zikibaki wiki tatu?

Mfano wa pili unatuhusu zaidi, nao ni bandari. Agosti 2019 ilitolewa amri kwamba makontena yote ya kwenda Nairobi na bara yasafirishwe kwa reli ya SGR. Wewe wa Mombasa hukuhitaji mchumi akueleze maana yake. Malori yalisimama. Utingo akakosa safari, fundi wa magurudumu akakosa kazi, mama anayeuza wali na maharage kwenye barabara ya Changamwe na Jomvu akarudi nyumbani na sufuria imejaa. Vijana walitoka barabarani wiki baada ya wiki, kila Jumatatu, na Oktoba mwaka huo amri ikasitishwa. Lakini malalamiko hayakuisha, yakaingia katika kampeni za 2022. Tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, William Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa.

Tazama vizuri. Wengi wa waliopiga kura Mombasa hawakumpigia Ruto, walimpigia Raila Odinga. Hata hivyo jambo la bandari lilikuwa la kwanza kwanza katika urais wake, kwa sababu lilikuwa limegeuka kuwa jambo la kura Pwani nzima. Sisemi tangazo lile lilimrudishia kila mtu kazi. Nasema shida ya mfukoni iliyobaki maskani haikumsumbua mtu, na ilipopelekwa barabarani na kisha kwenye kampeni, ikajibiwa.

Sasa tufike kwenye ile hesabu niliyosema umeifanya nusu.

Chukua mfano tu. Wadi ina wapiga kura 20,000 waliosajiliwa na wagombea wawili wa kiti cha MCA. Wakijitokeza asilimia 80, ni watu 16,000, na mshindi anahitaji 8,001. Mgombea mwenye tabia mbaya, anayetaka kumpa kila mtu Sh200 za “chai,” atahitaji zaidi ya Sh1.6 milioni. Wakijitokeza asilimia 40, ni watu 8,000 pekee, na mshindi anahitaji 4,001. Bei imeshuka hadi kama Sh800,000.

Umeona? Ulipokaa nyumbani ukidhani unawagomea, umempunguzia mtu huyo gharama kwa nusu. Umempa ofa. Hahitaji tena kuzungumza na wewe kuhusu kazi, maji wala mitaro. Anahitaji watu wake elfu nne wa uhakika, fulana za kutosha na mabahasha. Ndiyo maana kuna wanaofika mbali zaidi, wakanunua hadi vitambulisho vya watu ili wenyewe wasiweze kupiga kura. Hakuna mfanyabiashara anayenunua kitu kisicho na thamani.

Na hizo Sh200 nazo tuzipigie hesabu. Uongozi wa kaunti ni wa miaka mitano, yaani zaidi ya siku 1,800. Gawanya. Umeuza kila siku ya maisha yako kwa kama senti 11. Hata jojo hupati. Wakati huo huo, Kaunti ya Mombasa hupokea zaidi ya Sh7 bilioni kila mwaka kutoka serikali kuu, mbali na ushuru inaokusanya yenyewe. Kwa miaka mitano ni zaidi ya Sh35 bilioni. Hizo ndizo pesa zinazoamua kama basari itakufikia, leseni ya kibanda itakuwa bei gani, taka za Majengo zitazolewa, na kanjo atakufukuza mara ngapi kwa wiki. Kumbuka pia kwamba kutoa na kupokea hongo ya kura ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, na anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini ya hadi Sh2 milioni au kufungwa miaka sita.

Wapo watakaosema: basi tususie wote kwa pamoja, wajue tumekasirika. Pwani imejaribu. Kabla ya uchaguzi wa 2013, Mombasa Republican Council ilihimiza watu wa Pwani wasipige kura. Je, viti vilibaki wazi? Hapana. Magavana waliapishwa, maseneta waliapishwa, MCA wote 30 wa wadi za Mombasa walipata ofisi. Sheria ya Kenya haina kiwango cha chini cha wapiga kura cha kufanya uchaguzi wa gavana uwe halali. Wakijitokeza watu mia tatu, mwenye kura nyingi kati ya hao mia tatu ndiye mheshimiwa wako. Kususia kunamuuma mtu anayekuhitaji. Mwanasiasa aliyepata kura zake kwa bahasha hakuhitaji.

Wengine watasema: sisi ni Gen Z, kazi yetu ni barabarani. Nawaheshimu kwa hilo. Juni 2024 vijana waliandamana kote nchini, Mombasa ikiwemo, dhidi ya Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliunga mkono mswada huo, 106 wakaupinga. Siku iliyofuata rais akasema hatautia sahihi. Barabara ilishinda. Lakini ilishinda kwa bei gani? Makumi ya vijana waliuawa katika maandamano ya miezi ile. Kuna akina mama hadi leo wanapika chakula cha mtu mmoja zaidi kwa mazoea.

Wale wabunge 195 hawakudondoka kutoka mbinguni. Wengi wao waliingia bungeni kupitia uchaguzi wa 2022, uchaguzi ambao vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini ya asilimia 40 ya waliosajiliwa, na idadi yao ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na 2017. Oktoba 2021, IEBC ilitarajia kupata mamilioni ya wapiga kura wapya. Mwezi ulipoisha ilikuwa imepata kama milioni 1.5. Kituo cha kura kingetugharimu nusu siku. Barabara iliwagharimu wenzetu maisha. Mimi sikwambii uchague kimoja uache kingine. Nakwambia usianze na kile cha bei ghali.

Basi tufanye nini? Kwanza, kadi. Usingoje mwezi wa mwisho watu wabanane. Ingia ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako na kitambulisho, ujisajili. Kama umehama, hamisha usajili wako karibu na unapolala sasa, ili siku ya kura uende kwa miguu na saa mbili asubuhi uwe umerudi kazini. Hapo umejipunguzia bei ya kura wewe mwenyewe. Kama bado huna kitambulisho, anza leo, maana unajua safari yake.

Pili, baraza. Mombasa tuna kitu ambacho miji mingi haina: tunakaa pamoja. Baada ya Isha utakuta watu kumi barazani na kahawa chungu, wanabishana kuhusu Arsenal mpaka usiku. Watu kumi hao wakikubaliana kwenda kituoni pamoja, wakashikiana zamu za kazi, mmoja akilinda kibanda cha mwenzake, gharama inagawanyika. Waajiri wadogo nao waambiwe mapema: siku hiyo tutaingia saa nne.

Tatu, orodha. Mgombea akija mtaani, usimwombe fulana. Mpe mambo matatu ya mfukoni, yaandikwe, asome mbele ya watu, arekodiwe kwa simu. Labda ni ada ya kibanda. Labda ni wavuvi na mabaharia wa Bandari ya Kale wanaosahaulika. Labda ni vijana wa Mji wa Kale kupata kazi katika utalii unaopita mlangoni kwao ukiwaachia vumbi. Asipotaka kurekodiwa, umeshapata jibu lako bila kungoja miaka mitano.

Sikuahidi kwamba ukipiga kura unga utashuka Jumatano. Atakayekuahidi hivyo anataka kiti. Lakini bei ya unga, ya mafuta na ya leseni itaendelea kupangwa na watu waliochaguliwa, uwe ulikwenda au hukwenda. Wao wana hesabu yao tayari, na wewe umo ndani yake kama mtu ambaye hatakuja. Kadi haina bei na ofisi iko mtaani kwako, basi nenda wiki hii, na usiende peke yako.